Kitabu cha Mwalimu wa Kuchora: Kutoka Ulaya hadi Bonde la Rukwa

Kitabu cha kufundishia kuchora huigawa kazi ya jicho na mkono katika hatua ndogo ndogo, ili mtu asiye fundi aweze kuzifuata moja baada ya nyingine. Kwa karne nyingi Ulaya haikukihitaji. Mchoraji alijifunza kwenye karakana ya bwana wake, akisaga rangi, akifagia, akinakili kazi zilizokuwapo mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1608 Odoardo Fialetti alichapisha huko Venice kitabu chenye kurasa za macho, masikio, pua na midomo, kila kiungo kikianzia mistari michache na kuishia umbo kamili. Waungwana waliotaka kujifunza kuchora bila kwenda kwa fundi walikipokea vizuri, na mpangilio wake ukaigwa nchi baada ya nchi: kiungo kimoja kwanza, kisha kichwa, kisha mwili mzima.

Mtoto wa shule aliingia katika historia hii baadaye. Mwaka 1803 mwalimu wa Uswisi, Johann Heinrich Pestalozzi, pamoja na msaidizi wake Christoph Buss, walitoa kitabu kilichokusudiwa kuwa alfabeti ya kuona. Ndani yake hamkuwa na ua wala uso wa mtu. Mlikuwa na mraba uliogawanywa na kugawanywa tena, mstari uliolala, uliosimama na ulioinama, pembe, na vipande vya duara. Mtoto alilitaja umbo, akalipima kwa jicho, akalichora kwenye kibao chake, kisha akaenda kwenye umbo linalofuata. Pestalozzi aliamini kwamba jicho lililozoea kupima litamsaidia mtoto hata katika kuandika na kuhesabu, kwa hiyo mwalimu hakulazimika kuwa msanii. Ilitosha akifuata kitabu. Friedrich Froebel, mwanzilishi wa shule za chekechea Ujerumani, aliichukua miraba hiyo na kuwapelekea watoto wadogo zaidi, wakachora juu ya vibao vilivyokatizwa mistari. Katika yote yaliyomo kwenye vitabu vya aina hii, miraba ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Bado inatumika katika shule za Tanzania, ingawa ni walimu wachache wanaojua ilikotoka.

Uingereza ilikuwa na sababu nyingine. Baada ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, wenye viwanda walilalamika kwamba vitambaa, vyombo na karatasi za ukutani kutoka Ufaransa vilikuwa na nakshi nzuri kuliko vyao. Mwaka uliofuata serikali iliunda idara ya kusimamia mafunzo ya sanaa kwa ajili ya viwanda, ikiongozwa na Henry Cole, na Richard Redgrave akaandaa mtaala wa hatua 23 uliojulikana kwa jina la mtaa wa makao yake, South Kensington. Mwanafunzi alianza na mistari, akaja kwenye maumbo ya jometri, kisha nakshi zilizochapishwa, kisha sanamu za plasta. Wale wa ngazi za juu waliweza kutumia miezi mizima kutia kivuli katika mchoro mmoja. Mfumo huu ulivuka bahari: jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitunga sheria ya kufundisha kuchora mwaka 1870, na mwaka uliofuata likamwita Walter Smith kutoka Uingereza aje kuisimamia. Watoto walipewa vitabu vya kunakili, vyenye kielelezo upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili. Kuchora kwa namna hii hakukuwa burudani. Kulikuwa ni kuandaa mikono ya watu wa viwandani, na mwalimu aliyemruhusu mtoto kuchora anachotaka alikuwa anapoteza muda wa serikali.

Afrika Mashariki ilikuwa na wabunifu wake muda mrefu kabla ya shule hizo. Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa wahunzi walijenga matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyofikia urefu wa mita 3 hivi, kwa udongo wa kichuguu, yakivuta hewa yenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, safari hii kwa mivuo, ndipo kikafuliwa majembe na mashoka. Magofu ya matanuri hayo bado yanaonekana kwenye mashamba na vichaka vya Sumbawanga na Nkasi. Wafipa na majirani zao wa Bonde la Rukwa walifuma pia nguo nzito za pamba kwa vitanda vya mfumi, na wasafiri wa Ulaya waliopita huko katika karne ya 19, David Livingstone akiwa mmoja wao, waliziandika katika kumbukumbu zao. Hakuna aliyechora tanuri kwenye karatasi kabla ya kulijenga. Vipimo vilikaa kichwani na mikononi mwa wazee wa kazi, vikarithiwa kwa kushiriki kazi na kwa miiko iliyoizunguka.

Pwani hali ilikaribia zaidi ile ya kitabu, kwa sababu kulikuwa na maandishi. Mtoto wa chuoni aliandika aya kwenye ubao kwa wino wa masizi, akazisoma, akaosha ubao, akaandika tena. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palinakiliwa misahafu yenye nakshi za rangi pembeni mwa kurasa. Wachonga milango wa Lamu na Unguja waliweka alama za nakshi kwenye mbao kabla ya kushika patasi. Nakala ndiyo iliyokuwa njia ya kujifunza, na hakuna aliyeiona kuwa ni aibu. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana baadaye kunakili kutageuka dhambi kubwa ya somo la kuchora.

Shule za wageni ziliingia Ufipa kupitia ziwa. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji, na kutoka huko wakafungua misheni nyingine hadi juu kwenye uwanda. Shule za makatekista zilifundisha sala, kusoma na kuandika. Picha zilikuwapo, ila zilikuwa za kutazamwa: Mtakatifu fulani, mbingu na jehanamu, vikielezwa na katekista kwa fimbo. Pwani, shule ya serikali ya Kijerumani iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikuja kuwa na karakana za useremala na uchapaji, na kutoka kwenye mitambo yake likatolewa gazeti la Kiongozi. Huko rula na penseli vilikuwa zana za fundi. Ramani, mstari ulionyooka na herufi iliyosimama sawasawa ndivyo vilivyohesabiwa kuwa uchoraji wa shule.

Mabadiliko yalianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hayakuanzishwa na wasanii. Tume ya Phelps-Stokes, iliyofadhiliwa na mfuko wa Kimarekani, ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 na kudai kwamba shule zilikuwa zimewatenga watoto na mazingira ya kwao. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika ya kitropiki, ukitaka elimu iendane na mila, ufundi na kazi za wenyeji. Jaribio lililokwenda mbali zaidi Tanganyika lilifanyika Malangali, katika nyanda za juu za kusini, ambako W. Bryant Mumford alisimamia shule kuanzia mwaka 1928. Wazee walikaribishwa kufundisha, ngoma zikaingia kwenye ratiba, na wavulana wakavaa mavazi ya jadi badala ya kaptula. Wazazi wengi na wanafunzi wenyewe katika makoloni hawakufurahia elimu ya aina hii. Walikuwa wamewapeleka watoto shule wapate Kiingereza, hesabu na kazi ya ukarani, na walishuku kwamba sifa hizi zote kwa mila zilikuwa njia ya kuwabakiza walipo. Shaka yao ilikuwa na msingi.

Katika hali hiyo ndipo kilipozaliwa kitabu cha kwanza chenye uzito cha kufundishia sanaa katika shule za Afrika Mashariki. Mwandishi wake, Margaret Trowell, alizaliwa London mwaka 1904, akasoma uchoraji katika shule ya Slade na baadaye ualimu chini ya Marion Richardson. Richardson alikuwa ameacha kabisa vitabu vya kunakili. Darasani kwake wanafunzi walifumba macho, wakamsikiliza akieleza mandhari au tukio, kila mmoja akangoja picha ijengeke kichwani mwake, ndipo wakachora. Vienna, Franz Cižek naye alikuwa akifundisha watoto tangu mwishoni mwa karne ya 19 akiamini kwamba mtoto ana sanaa yake na mkubwa hana haki ya kumsahihisha. Trowell aliyabeba mawazo haya hadi Kenya, alikokwenda mwaka 1929 na mumewe daktari. Waliishi Machakos, akaona vikapu, vinyago na shanga za Wakamba, kisha wakahamia Uganda mwaka 1935.

Kitabu chake cha mwaka 1937 kilihusu sanaa na ufundi wa Kiafrika na namna ya kuviendeleza shuleni, nacho kiliandikwa kwa ajili ya mwalimu. Hilo pekee lilikitofautisha na vitabu vya South Kensington, ambavyo mtoto alikuwa navyo mkononi. Trowell alimtaka mwalimu aanze kwa kutazama: wafinyanzi wa mahali pale wanapamba vyungu vyao vipi, mikeka inasukwa kwa mishono gani, rangi zinatoka kwenye udongo na majani yapi. Kwake hapakuwa na ukuta kati ya sanaa na ufundi. Chungu kilichofinyangwa vizuri kilistahili heshima ile ile ya picha iliyochorwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili alitoa mfululizo mwingine juu ya kufundisha sanaa katika shule za Afrika, wenye maelekezo ya kazi za darasani, na mwaka 1953 akashirikiana na K. P. Wachsmann kutoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, chenye michoro ya vyombo vya kila namna.

Mwaka huo huo wa 1937 alianza kufundisha wanafunzi wachache nyumbani kwake Kampala. Darasa hilo lilikua likawa shule ya sanaa ya Chuo cha Makerere. Mbinu ilikuwa ya Richardson, ila hadithi zilikuwa za hapa. Mwalimu alisimulia ngano au kisa cha Biblia kwa kirefu, akitaja rangi ya anga, vumbi la njiani, namna mwanamke alivyojitwika mtungi, halafu akanyamaza, na wanafunzi wakaanza. Hakuna picha iliyotundikwa mbele yao ili waiige. Hawakufundishwa kwanza kanuni za Kiulaya za kuonyesha umbali na kina, kwa hofu kwamba zingefunika macho yao wenyewe. Kazi zao zilionyeshwa Kampala mwaka 1938, na mwaka 1939 zikapelekwa London katika jumba la Imperial Institute. Jumba hilo lilikuwa South Kensington, mtaa ule ule ulioipa dunia vitabu vya kunakili.

Mbinu hii ina kasoro yake. Ili mwalimu asimulie kiasi cha kumfanya mtoto aone picha kichwani, lazima awe na kipaji cha kusimulia, muda, na darasa dogo. Na ili asimsahihishe mtoto, lazima awe na uhakika kwamba anachokiacha ni uhuru kweli. Lagos, Nigeria, mchoraji Aina Onabolu alikuwa amepigania jambo tofauti tangu miaka ya 1920. Yeye alitaka wanafunzi wa Kiafrika wafundishwe kanuni zote za kitaaluma, vivuli na vipimo vya umbali, kama zinavyofundishwa Ulaya, kwa sababu kuwanyima ni kuwatangaza kuwa hawaziwezi. Katika mjadala huu wote wawili walikuwa na hoja, lakini aliyekuwa na mamlaka ya kuandika vitabu vya shule za Afrika Mashariki alikuwa Trowell.

Matunda ya mafunzo yake yaliifikia Tanganyika kupitia watu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere, akaenda Slade, akarudi kufundisha Makerere. Picha zake zimejaa watu wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja, wakilima, wakibeba ndizi, wakijenga, bila vivuli wala hila za kuonyesha umbali. Moja yake, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Baada ya Uhuru aliiwakilisha Tanganyika huko London kama balozi, kisha akarudi kusimamia masuala ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ntiro alishika kalamu pia: kitabu chake juu ya desturi za Wachagga kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1953. Elimo Njau, wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a mwaka 1959 na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Njau alikuwa mkali dhidi ya kunakili kuliko hata mwalimu wake. Kwake kuiga kazi ya mwingine kulikuwa ni kumlaza Mungu usingizi.

Wakati huo huo mstari wa zamani haukufa. Ulihamia shule za ufundi. Ifunda, mkoani Iringa, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Moshi, zilifundisha uashi, useremala na ufundi chuma kwa ajili ya mitihani ya Kiingereza ya City and Guilds. Huko kijana alikaa mbele ya ubao wa kuchorea, rula ya T na bikari, akachora kiungo cha mbao kutoka mbele, ubavuni na juu. Kosa la nusu milimita lilikuwa kosa. Hakuna aliyemwambia afumbe macho. Kwa hiyo mwishoni mwa ukoloni Afrika Mashariki ilikuwa na vitabu viwili vya kuchora visivyosalimiana, kimoja cha kuota na kingine cha kupima, na kile cha kupima kilikuwa na ajira mbele yake.

Mjadala mwingine uliibuka kutoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti wake wa Afrika Kusini. Aliwaonyesha watu picha ya mwindaji, swala na tembo, tembo akiwa mdogo kwa sababu yuko mbali, kisha akauliza mkuki unamwelekea nani. Waliojibu tembo walihesabiwa kuwa hawaoni kina katika picha. Jan Deregowski aliendeleza kazi hiyo nchini Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa kusini wa Ufipa. Matokeo haya yalienea haraka kwa waandishi wa vitabu vya shule na mabango ya afya, na wengi wakaamua kwamba mwanakijiji wa Kiafrika hawezi kusoma picha. Lakini mwaka 1972 Deregowski na wenzake walitoa taarifa kuhusu Wame'en wa Ethiopia ambayo ingewafaa waandishi hao zaidi: watu hao wasiozoea karatasi walizitambua picha za wanyama zilipochorwa kwa ukubwa kwenye kitambaa. Mara nyingi tatizo lilikuwa ni mchoro mdogo na karatasi ngeni, na jicho halikuwa na shida.

Uhuru ulileta maneno mazuri kuhusu utamaduni na fedha kidogo kwa ajili ya rangi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, iliifanya shule ya msingi kuwa sehemu kamili ya kuandaa mwanakijiji, yenye shamba lake na karakana yake. Kazi za mikono zilipata nguvu: ufinyanzi, ususi wa vikapu, useremala mwepesi. Ukizisoma falsafa hizo mbili pamoja, Nyerere na Trowell wanakutana katika jambo moja, kwamba shule ijifunze kutoka kwa mafundi wa kijijini. Wanaachana palipo muhimu. Trowell alitaka mtoto achore kwa sababu ana jicho. Elimu ya Kujitegemea ilitaka afinyange kwa sababu chungu kinatumika, kinauzwa. Kuchora kwa ajili ya kuchora kukawa kugumu kutetewa mbele ya kamati ya shule yenye ekari za mahindi za kupalilia.

Pigo kubwa zaidi lilitokana na mafanikio. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwaka 1977 watoto walikuwa wamefurika madarasani. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Kusoma na hesabu vinaweza kufundishwa kwa redio kwa kiasi fulani. Kuchora hakuwezi. Mwalimu mpya alifika Ufipa na muhtasari mkononi, na pale palipoandikwa kwamba wanafunzi wachore, hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kiliendelea kutoa walimu waliobobea katika sanaa, lakini hao walikuwa tone tu kwa nchi yenye shule maelfu.

Karatasi nayo ilikuwa shida. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985, na kabla yake sehemu kubwa ya karatasi iliagizwa kutoka nje. Kwa shule iliyo bondeni kama za Ilemba, chini ya ngema ya Lyamba lya Mfipa, kila boksi la chaki na kila karatasi ya manila ilishuka kutoka Sumbawanga kwa barabara ya mlimani, na wakati wa masika barabara hiyo haikuaminika.

Mwalimu wa shule ya namna hiyo alijitafutia njia, na njia hiyo inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ndiyo kitabu halisi cha kuchora cha shule za Tanzania. Anataka kuchora moyo wa binadamu au ramani ya mkoa iwe kubwa, ionekane na mtoto aliyekaa mwisho wa darasa. Anachukua kitabu chenye picha ndogo, anapiga juu yake mistari ya penseli iliyokatizana, sentimita 1 kwa 1. Kisha anachukua kiroba cha unga au cha mbolea, anakipasua ubavuni, anakitandaza, na kukipigia miraba ya sentimita 5. Kilichomo katika mraba wa kwanza wa kitabu anakihamishia kwenye mraba wa kwanza wa kiroba: hapa mstari unaingia kwa juu, unatokea kushoto katikati. Mraba kwa mraba, mpaka moyo umekamilika. Anapitisha kalamu ya wino mzito juu ya penseli, anaandika majina ya sehemu zake, anapiga pindo juu na chini kupitisha fito, na zana iko tayari kutundikwa. Kiroba hakichaniki upesi kama manila, kinakunjwa na kuhifadhiwa ofisini, na vumbi likikijaa kinafutwa kwa kitambaa kibichi. Pestalozzi angeitambua miraba hiyo mara moja.

Wanafunzi kwa upande wao hunakili kutoka kwenye kiroba au ubaoni hadi daftarini. Katika somo la sayansi hufundishwa sheria ambazo somo la kuchora halikuwahi kuwapa: penseli iliyochongwa kali, mstari mmoja usiorudiwa, hakuna kivuli, mistari ya majina isikatizane. Sheria hizi huzingatiwa sana kwa sababu mtihani unazitazama. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Tanzania anayemaliza kidato cha nne anaweza kuchora seli ya mmea vizuri kabisa huku akisema kwa dhati kwamba yeye hajui kuchora.

Waliopenda kuchora walipata kitabu kingine, ambacho hakuna ofisi ya elimu iliyokipitisha. Katuni ya Chakubanga, iliyochorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani pamoja na wahusika wake kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, vilipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalegea. Wavulana walinakili vichwa vile vyenye pua kubwa nyuma ya madaftari, mmoja akimwonyesha mwenzake namna ya kuanza na duara la kichwa. Fialetti naye alianza na mistari michache. Kunakili, kulikofukuzwa na Trowell mlangoni na kulaaniwa na Njau, kuliingia dirishani, na wachora katuni wengi wa Tanzania walianzia humo.

Kenya ilifuata njia tofauti. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifanya sanaa na ufundi kuwa somo la kutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Mara moja vitabu vya wanafunzi vikaandikwa, wazazi wakanunua rangi na karatasi, na walimu wakajifunza namna ya kutia kivuli, kuchapa kwa viazi vilivyochongwa na kupaka rangi vitambaa kwa kufunga na kutumbukiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo lilipoondolewa kwenye mtihani wa taifa, soko la vitabu hivyo lilikauka, na ratiba ya kuchora ikageuka nafasi ya kurudia hesabu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwishoni mwa miaka ya 2010 umerudisha sanaa madarasani.

Tanzania ilikusanya kuchora, ufinyanzi, ususi, muziki, upishi na ushonaji katika somo moja la shule ya msingi, Stadi za Kazi. Mwalimu mmoja alitarajiwa ayajue yote hayo, na kiongozi cha mwalimu kikampa kurasa chache kwa kila fani: rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu, changanya njano na bluu upate kijani. Palipokuwa hakuna rangi, kanuni hiyo ilikaririwa. Mtihani wa kumaliza darasa la saba umeliunganisha somo hili na Maarifa ya Jamii katika karatasi moja, ambayo maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Mwanafunzi huulizwa kuhusu rangi au vifaa vya ufinyanzi, na penseli yake hutumika kusiliba herufi.

Mtaala uliorekebishwa mwaka 2023 umelipa eneo hili jina jipya, Sanaa na Michezo, na utekelezaji wake ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Vitabu vyake huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo huweka pia nakala katika maktaba yake ya mtandaoni. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanaendelea na mtaala wa zamani mpaka watakapomaliza darasa la saba mwaka 2027, kwa hiyo kwa miaka hii michache shule za Bonde la Rukwa, kama shule zote za nchi, zinafundisha kuchora kwa mihtasari miwili chini ya paa moja.